Bonde lililoingiwa na bahari: Safari ya Pemba kuutazama mpunga, mikoko na shamba la wakfu

Waarabu wa zamani walikiita kisiwa cha Pemba Al-Jaziratul Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, na msafiri anayeshuka bandarini Mkoani na kushika njia ya kaskazini huupata ushahidi wa jina hilo kabla hajafika Chake Chake. Vilima vimevikwa mikarafuu, miembe na minazi. Baina ya kilima na kilima limelala bonde, na ndani ya bonde umo mpunga. Mvua inayonyesha juu ya vilima huteremka mabondeni, na huko ndiko akina mama wa kisiwa hiki walikolima kizazi baada ya kizazi, wakipata chakula cha nyumba zao na cha mikono iliyonyooshwa mlangoni.

Lakini kijani hicho kina mpaka wake. Pwani ya Pemba imeingiwa na hori nyingi, nyembamba na ndefu, kiasi kwamba mtu aweza kusimama katikati ya mashamba akiamini kuwa yu mbali na bahari, kumbe maji ya bamvua yanafika hatua chache tu kutoka miguuni pake. Bonde linapoishia, ndipo hori inapoanzia, na katika mpaka huo imesimama mikoko. Hapo ndipo mimea ya maji matamu na mimea ya maji ya chumvi inapotazamana, na hapo ndipo makala haya yanapokusudia kumfikisha msomaji.

Nilifika huko kwa kazi ya kamati. Msikiti wetu, ulioko Unguja, una shamba la wakfu lililowekwa na marehemu mmoja mwenye asili ya Pemba: eka nne za bonde katika upande wa kaskazini wa kisiwa, kwa sharti kwamba mazao yake yagharimie futari ya mwezi wa Ramadhani na mahitaji ya watoto wa madrasa. Kwa miaka mingi shamba lilitimiza sharti hilo. Kisha mavuno yakaanza kupungua msimu baada ya msimu, mpaka ule uliopita, ambapo magunia yalikuwa mepesi mkononi kwa kuwa sehemu kubwa ya mpunga ilikuwa mapepe. Baadhi ya wajumbe walidhani usimamizi umelegea. Wengine walisema ardhi imechoka. Wakulima wenyewe walituma neno moja tu: bahari imeingia. Kamati ikaniagiza, mimi katibu wake, nikatazame kwa macho yangu na nilete shauri. Jina la kijiji nitaliacha, kwa sababu shauri lenyewe bado halijakatwa.

BONDE LENYE RANGI TATU

Ilikuwa mwezi wa Februari, jua la kaskazi likiwa kali na masika hayajaanza. Huo ndio wakati ambao udongo wa mabondeni haufichi siri yake. Shamba limeinama kidogo kuelekea kwenye hori, na kuinama huko kumeligawa katika sehemu tatu ambazo hata mgeni huziona. Sehemu ya juu ina udongo mweusi na mabua manene ya msimu uliopita. Sehemu ya kati ina mabua membamba, yaliyosimama kwa kuachana. Sehemu ya chini haina bua hata moja: ardhi imepasuka vipande vipande, na juu yake umetanda utando mweupe, mfano wa unga uliomwagika.

Hata hivyo, sehemu hiyo ya chini haikuwa tupu. Ulikuwepo mmea mnene utambaao, wenye vijani vilivyojaa maji, ambao baadhi ya watu wa pwani huuita mboga ya pwani. Ilikuwepo pia michu midogo, isiyozidi kimo cha goti, iliyojiotea yenyewe bila ya kupandwa na mtu. Mbele yake palikuwa na tuta la udongo lililobomoka mahali pawili, na mbele ya tuta ukafuata msitu wa mikoko. Katikati ya msitu huo palikuwa na pengo pana la mashina yaliyokatwa. Nilielezwa kwamba miti yake iliondoka kwa miaka kadhaa, mingine ikawa nguzo, mingine ikawa kuni za matanuri ya chokaa.

Bibi mmoja, aliyelima bonde hilo tangu ujana wake, ndiye aliyenitembeza. Nilipokuwa nimeinama nikiutazama ule utando mweupe, aliniambia:

"Maalim, udongo hautazamwi kwa macho peke yake. Uonje."

Akachukua chembe kutoka juu, kutoka kati na kutoka chini, akaziweka kiganjani mwangu kwa zamu. Nikaonja na kutema.

"Huu wa juu mtamu," akasema. "Huu wa chini ni bahari, na bahari haimdanganyi mtu, hatupandi tena. Huu wa kati ndio unaotutia hasarani, mwanangu. Mpunga unaota, unanawiri, tunafurahi. Ukishachanua, masuke yanasimama wima, hayainami. Ukiyapura, mapepe."

Maneno hayo niliyaandika kama alivyoyasema, maana ndani yake mna maarifa ambayo wataalamu wa mimea wameyathibitisha kwa vipimo vyao. Ili tuyafahamu, yatupasa kwanza tujue chumvi inaufanya nini mmea.

KIU NDANI YA MAJI

Kila mama anayetengeneza achari anaujua mwanzo wa jambo hili. Akikata maembe mabichi au ndimu na kuzitia chumvi, baada ya muda huyakuta maji yametoka ndani ya tunda na kukaa chini ya chombo. Chumvi imeyavuta. Ndivyo ilivyo shambani. Mzizi wa mmea hunywa maji kwa sababu utomvu wa ndani yake umekolea kuliko maji ya udongoni. Udongo ukijaa chumvi, mvuto huo hupungua au hugeuka, na mmea hupatwa na kiu ilhali miguu yake imo majini. Hilo ndilo dhara la kwanza, nalo huanza mara moja: mmea hupunguza kukua, majani mapya huwa madogo, na matundu ya kupumulia yaliyo kwenye majani hufungwa ili maji yasipotee.

Dhara la pili huja polepole. Chumvi ya bahari imeundwa kwa sehemu kubwa na sodiamu na kloridi. Sodiamu inafanana mno na potasiamu, ambayo mmea unaihitaji kwa kazi zake nyingi, na hivyo huingia kwa milango ileile na kukaa mahali pasipo pake. Majani ya zamani, yaliyopokea maji kwa muda mrefu zaidi, ndiyo yanayojaa kwanza. Ncha zake huungua, zikawa za rangi ya kahawia, kisha jani lote hufa. Majani yakifa kwa kasi kuliko yanavyochipua, mmea hauna tena pa kutengenezea chakula chake.

Dhara la tatu ni la udongo wenyewe. Sodiamu ikizidi katika udongo wa mfinyanzi, chembe zake huachana na kuziba vijitundu vya kupitishia maji na hewa. Mvua ikinyesha, maji husimama juu. Jua likiwaka, ardhi hukauka ikawa ngumu kama tofali. Ndiyo maana shamba lililoingiwa na bahari mara moja haliponi kwa sababu tu bahari imeondoka.

Kuhusu kiasi, lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Wataalamu wa kilimo huipima chumvi ya udongo kwa namna maji yake yanavyopitisha umeme, na kipimo chao huitwa desisimensi kwa mita. Maji ya bahari hufika karibu 50. Udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi ukipita 4. Shayiri huanza kupoteza mavuno ukipita 8, lakini mpunga huanza ukipita 3 tu, na kwa hesabu inayotumiwa sana, kila kipimo kimoja kinachoongezeka juu ya hapo huondoa takriban asilimia 12 ya mavuno. Ukifika 7, karibu nusu ya mavuno imekwenda. Kwa hiyo haihitajiki bahari nzima kuliharibu bonde. Bamvua chache zinazopita juu ya tuta lililobomoka zinatosha.

MITI INAYOISHI NA BAHARI

Siku ya pili niliomba nipelekwe upande wa hori wakati maji yamekupwa. Nilitaka kuitazama ile mimea ambayo chumvi haikuiua, kwa kuwa kilichonishangaza si mpunga kufa bali mikoko kuishi. Watu wa pwani huitaja yote kwa jina moja la mikoko, lakini wavuvi na wajenzi hupambanua: kuna mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mingineyo. Kila mmoja una mahali pake pa kusimama na una njia yake ya kuishi na chumvi. Kwa ujumla njia hizo ni tatu.

Njia ya kwanza ni kuizuia mlangoni. Mkoko, ule unaosimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, hunywa maji ya bahari lakini huchuja zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za chumvi yake kabla haijapita mizizini. Ngozi ya ndani ya mizizi yake imepakwa utando wa mafuta unaoruhusu maji na kuizuia chumvi. Mkandaa na msinzi nao hufuata njia hiyo.

Njia ya pili ni kuitoa nje. Mchu nao huchuja, lakini huruhusu chumvi nyingi kidogo kupita, kisha huitoa kwa vijitezi vilivyo kwenye majani yake. Mtoto wa kijiji aliyefuatana nasi alichuma jani, akalilamba, akacheka, akanipa na mimi. Lilikuwa la chumvi kama kidole kilichotoka katika chungu cha mchuzi. Ukilitazama jani hilo juani, utaona vichembe vinavyong'aa. Mvua na upepo huviondoa, na mti hubaki salama.

Njia ya tatu ni kuipokea na kuifungia. Mboga ya pwani, ile iliyotambaa katika sehemu ya chini ya shamba letu, huiacha chumvi iingie, lakini kila seli yake ina chumba cha ndani ambamo chumvi hiyo hufungiwa, mbali na sehemu inayofanya kazi. Sehemu hiyo ya kazi nayo hujazwa sukari na vitu vingine visivyodhuru, kama vile ile asidi ya amino iitwayo prolini, ili maji yasiikimbie. Jani hunenepa kwa maji, na chumvi huwa imezimuliwa ndani yake.

Msomaji asidhani kwamba uwezo huu hauna gharama. Kuchuja, kutoa na kufungia ni kazi, na kila kazi hula chakula ambacho mmea ungekitumia kukua. Mchu ulio kandokando ya hori, ambako maji ya bahari huchanganyika na maji ya mvua, hurefuka ukawa mti wa kivuli. Mchu uleule ukiota katika ule uwanda mkavu ulio nyuma ya msitu, ambao chumvi yake huweza kuzidi ile ya bahari kwa sababu maji hukauka na kuiacha, hubaki kichaka kisichozidi kimo cha mtoto. Huishi, lakini huishi kwa dhiki.

Kuna jambo jingine ambalo akina mama waliokuwa wakiokota chaza walinionesha, nami naliandika kwa ajili ya ukurasa huu wa familia. Mbegu ya mkoko haianguki ikiwa mbegu. Huota ingali imeshikamana na mama yake, ikanyonya kwake kwa miezi, ikawa mche mrefu wa kijani, mfano wa bamia kubwa, na ndipo inapoachiwa. Mche huo ukidondoka matopeni hushika mizizi kwa haraka. Ukidondoka majini huelea na kusafiri mpaka upate pa kusimama. Umri ambao mimea mingi huumizwa zaidi na chumvi, yaani utotoni, mkoko humaliza sehemu yake kubwa ukiwa mikononi mwa mama.

Msomaji wa Qur'ani ataikumbuka aya ya 53 ya Suratul Furqan, inayozungumzia maji matamu, maji ya chumvi na kizuizi kilichowekwa baina yake. Siidai aya hiyo kuwa imeteremka kuhusu mikoko, na wafasiri wana maneno yao. Nasema tu kwamba mtu akisimama pale ambapo bonde linaishia na hori inaanza, ni vigumu asiikumbuke.

MPUNGA NA UMRI WAKE

Sasa turejee kwa yule bibi na sehemu yake ya kati. Mpunga hauna hata moja ya njia hizo tatu kwa ukamilifu. Una uwezo mdogo wa kuirudisha sodiamu isipande majanini, na uwezo huo hubadilika kwa umri. Mbegu ya mpunga huvumilia chumvi inapoota. Mche wa majani mawili au matatu ni dhaifu sana. Ukipita hapo, mpunga hupata nguvu na kustahimili kiasi. Kisha, unapokaribia kuchanua, hurudi kuwa dhaifu: chavua huharibika, punje hazijazwi, na suke husimama wima kwa wepesi wake.

Ukiyapanga hayo pamoja na misimu ya Pemba, utaona kwamba bibi hakukosea hata neno moja. Mvua kubwa za masika, kuanzia Machi mpaka Mei, huiosha chumvi na kuisukuma chini. Mpunga huota katika udongo uliooshwa, hunawiri, na mkulima hufurahi. Mvua zinapopungua, maji ya chini huanza kupanda yakiibeba chumvi, na bamvua hupita katika tuta lililobomoka. Hapo mpunga umefika kwenye kuchanua. Mkulima hupata majani mazuri na magunia ya mapepe.

Ziko aina za mpunga zilizozoeshwa. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa Uhindi, wakulima wa pwani wamelima tangu zamani mpunga uitwao Pokkali. Hupandisha udongo kwa vituta, mvua zikaviosha, kisha hupanda juu yake. Mvua zikiisha na mpunga ukishavunwa, huyaachia maji ya bahari yaingie na hufuga kamba katika shamba lilelile. Watafiti wameitambua katika Pokkali sehemu ya urithi waliyoipa jina la Saltol, inayousaidia mmea kuizuia sodiamu isifike majanini, na sehemu hiyo imehamishiwa katika aina nyingine. Hapa Tanzania nako kuna mbegu zilizotolewa kwa ajili ya mashamba ya chumvi, ziitwazo SATO 1 na SATO 9. Hata hivyo, neno kuvumilia lieleweke: mbegu hizo huvumilia chumvi ya udongo, wala haziwezi kuishi na maji ya bahari yenyewe kama mkoko. Hakuna mpunga wa kupandwa mahali pa mchu.

BASRA NA BATINAH

Vita vya binadamu na udongo wa chumvi si vipya, na historia ya Kiislamu ina mfano mmoja mchungu ambao unatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Katika karne ya tatu Hijria, wamiliki wa ardhi za mabwawa karibu na Basra walitaka kulima mahali palipotanda chumvi. Walichukua maelfu ya watumwa, walioitwa Zanji, na kuwalazimisha waukwangue udongo wa juu wenye chumvi na kuubeba kwa mikono ili udongo wa chini ulimike. Wanahistoria wanajadiliana kuhusu wangapi kati yao walitoka kweli katika pwani yetu, lakini jina walilopewa ni la pwani hii. Dhuluma ile ilizaa uasi ulioanza mwaka 869 na haukuzimwa mpaka mwaka 883, baada ya damu nyingi kumwagika. Kila nikiusikia ushauri kwamba chumvi ikwanguliwe na kubebwa, huikumbuka Basra.

Mfano wa pili ni wa zama zetu. Familia nyingi za Pemba zina jamaa zao Oman, na baadhi yao wanatoka katika uwanda wa pwani wa Batinah, uliosifika kwa mitende na ndimu. Huko bahari haikupita juu ya ardhi bali chini yake. Visima vilipowekewa mashine na maji matamu yakavutwa kwa wingi kuliko mvua inavyoyarudisha, maji ya bahari yalisogea ardhini na kuingia visimani. Mndimu, ambao hauvumilii chumvi, ndio unaoshindwa mapema. Mtende hustahimili zaidi, lakini nao una kikomo. Bahari huingia kwa mlango wowote ulioachwa wazi, uwe wa juu au wa chini.

Pemba ina mlango wa juu. Usawa wa bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya 20, na tuta lililotosha enzi za mababu huenda lisitoshe leo. Kwa hiyo kukatwa kwa mikoko kumekuja katika wakati mbaya kabisa, kwani mizizi ya mikoko ndiyo inayovunja nguvu za mawimbi, kuzuia tope na kuinua ardhi kidogo kidogo mbele ya tuta.

SHAURI LA SHAMBA LA WAKFU

Jioni ya mwisho tulikaa barazani na wazee, wakulima na vijana wa kijiji. Yalitolewa mashauri matatu. La kwanza, tuta lijengwe upya, refu na nene kuliko la zamani, palepale lilipokuwa. La pili, la vijana, sehemu ya chini igeuzwe madimbwi ya kuvunia chumvi, kwa kuwa chumvi nayo ni biashara ya halali na soko lake lipo. La tatu, shamba liuzwe na fedha zinunue shamba jingine mahali pa juu.

Mzee mmoja alilitetea la kwanza kwa hamasa. "Babu yangu alipigana na bahari akaitoa nje," alisema. "Leo mnataka tuifungulie mlango?"

Yule bibi, aliyekuwa amekaa upande wa akina mama, alimjibu kwa upole: "Babu yako, mwenzangu, alikuwa na mikoko mbele ya tuta lake. Wewe una mashina."

Baraza likanyamaza, na mimi nikaona kwamba jibu hilo ndilo shauri nitakalolipeleka kwa kamati.

Nimependekeza kwamba sehemu ya chini, ambayo ni kiasi cha eka moja, irudishwe kwa wenyewe, yaani michu na mikandaa, kwa kushauriana na idara ya misitu. Si lazima ipandwe yote, maana michu imeshaanza kujiotea. Linalotakiwa ni kulifungua tuta la zamani vizuri ili maji yaingie na kutoka bila ya kutuama, na kuzuia ukataji. Mahali palipo pengo msituni, karibu na hori, pandwe mkoko. Mahali pa juu na pakavu zaidi, mchu. Kupanda mkoko mahali pa mchu kwa sababu tu miche yake ni rahisi kuokota ni kupoteza nguvu za vijana.

Tuta jipya lijengwe nyuma ya mikoko hiyo, baina ya sehemu ya chini na ya kati. Litakuwa fupi na la gharama ndogo, kwa kuwa halitapambana na mawimbi, na liwe na mlango wa ubao unaofunguka kwa maji ya mvua yanayotoka na kujifunga kwa maji ya bahari yanayokuja. Katika sehemu ya kati, mvua za kwanza za masika ziachwe zioshe udongo na kutoka, kisha mlango ufungwe ili maji matamu yasimame juu ya shamba na kuisukuma chumvi chini. Miche iatikwe katika udongo mtamu wa juu na ihamishwe ikiwa na umri wa wiki nne au tano, itakapokuwa imeupita utoto wake. Mbegu za kuvumilia zijaribiwe katika kipande kidogo kwanza. Sehemu ya juu iendelee kama ilivyo.

Kuhusu madimbwi ya chumvi, nimeshauri yasifanywe hapo. Yatahitaji mikoko iliyobaki ikatwe, na maji yake makali yatapenya kwenye mashamba ya majirani, na mwenye wakfu hakuweka mali yake iwe dhara kwa jirani. Kuhusu kuuza, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamelikaza mno suala la kuuza wakfu, na hali haijafika huko maadamu sehemu kubwa ya shamba bado ina manufaa.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Katika ile eka ya chini walikuwa wakilima wajane wawili wasio na kipande kingine. Kwenye karatasi, kuirudisha eka moja baharini ni mstari mmoja. Kwao ni chakula cha watoto. Kwa hiyo nimeandika, na kulipigia mstari, kwamba wapewe vipande katika sehemu ya juu kabla ya jembe la kwanza kugusa tuta jipya, hata kama magunia ya futari yatapungua. Aidha, mizinga ya nyuki iwekwe kando ya msitu, kwani maua ya mchu ni malisho mazuri ya nyuki, na asali hiyo iwe ya kwao. Baadhi ya wajumbe hawajakubali, na kamati itakutana tena kabla ya masika kuingia.

KWA FAMILIA

Mzazi aweza kulifundisha jambo hili nyumbani bila ya kuvuka bahari. Chukua makopo mawili, panda choroko katika yote. Moja limwagilie maji ya kawaida, jingine maji yaliyotiwa kijiko cha chumvi katika kila lita. Waache watoto watazame kwa wiki mbili na waandike wanachokiona. Kisha waulize: ingekuwa ni shamba letu, tungefanyaje? Na kwa wanaoishi karibu na hori, gogo la mkoko linalouzwa kwa bei rahisi lina bei nyingine isiyotajwa sokoni, nayo hulipwa na mkulima wa bonde lililo nyuma yake.

Mwenyezi Mungu ameupa kila mmea kadiri yake. Mkoko umepewa kuishi na chumvi, na mpunga umepewa kutulisha. Kilichowekwa mikononi mwetu ni kuulinda wa kwanza mbele ili wa pili uishi nyuma yake. Tunamwomba Allah aibariki masika inayokuja, ayape mabonde ya Pemba maji matamu, na aiongoze kamati katika uadilifu. Wabillahi tawfiq.